Kabla ya kubadili 'ea klina' ya pikapu yako, hesabu vumbi kwanza

MAHINDI yanapokauka mashambani wilayani Handeni, mwenye pikapu hapati usingizi. Lori haliingii kila shamba na bodaboda haibebi magunia kumi. Kwa sababu hiyo, kazi ya kutoa mzigo shambani na kuufikisha kwenye gulio, kwenye mashine ya kusaga au kwa mnunuzi inabaki kwa pikapu ya tani moja.

Wakazi wa kata ya Misima wanalijua hilo vizuri. Barabara kuu ya kutoka Korogwe kwenda mjini Handeni, yenye urefu wa takriban kilomita 65, siku hizi ni ya lami. Lakini mahindi hayalimwi kwenye lami. Ukishaiacha barabara kuu kuelekea mashambani, au kuelekea Msomera, kijiji cha kata hii ambacho tangu mwaka 2022 kimepokea familia zilizohamia kutoka Ngorongoro, unaingia kwenye udongo. Wakati wa kiangazi gari likitangulia mbele yako huoni taa zake, unaona wingu tu. Wingu hilo dereva hulifungia kioo. Injini yake haina kioo cha kufunga.

Mjomba wangu ni mmoja wa wanaoishi kwa kazi hii. Ana Hilux kuukuu yenye injini ya 5L, ile ya dizeli isiyo na turbo. Miaka michache iliyopita muuza spea mmoja jijini Dar es Salaam alimshawishi aondoe boksi la filta ya hewa lililokuja na gari, ambalo mafundi wengi huliita 'ea klina', na mahali pake afunge koni ya wazi yenye bomba la kung'aa. Aliambiwa kwamba gari litapumua vizuri, litapata nguvu na litapunguza ulaji wa dizeli.

Msimu wa kwanza alifurahi, kwani injini ilikuwa na mlio mzito uliowafanya watu wageuke. Msimu wa pili ikaanza kula oili. Msimu wa tatu ikawa haiwaki asubuhi bila kusukumwa, tena katikati ya mavuno, wakati wanunuzi wamejaa na wenzake wanapiga safari tatu kwa siku.

"Mpwa wangu, nyie mliosoma ndio mnajua hesabu," aliniambia nilipokwenda kumjulia hali. "Mimi nilikwenda kununua nguvu, nikauziwa vumbi."

Makala haya yana lengo la kumsaidia mkulima au mfanyabiashara mwenye pikapu kufanya hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha, siyo baada ya injini kufunguliwa.

Injini inavuta hewa kiasi gani?

Watu wengi hufikiri kwamba chakula cha injini ni dizeli. Ukweli ni kwamba injini inakula hewa nyingi zaidi kuliko mafuta. Ili kilo moja ya dizeli iungue yote zinahitajika takriban kilo 14.5 za hewa, na injini ya dizeli kwa kawaida huvuta zaidi ya hapo.

Tuichukue hiyo 5L. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,986, yaani karibu lita tatu. Injini ya aina hii huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa kazi, na tukikubali kwamba silinda hazijai hewa kikamilifu, inavuta takriban lita 3,000 za hewa kila dakika. Hayo ni madebe 150 ya lita 20. Kwa saa moja zinafika mita za ujazo 180.

Hewa yote hiyo inapita kwenye mlango mmoja. Ukiubadili mlango huo umebadili maisha ya injini, kwa heri au kwa shari.

Vumbi linavyoitafuna injini

Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni chembechembe za mchanga, na mchanga una madini yaitwayo kwatsi ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zikipita kwenye filta zinaingia ndani ya silinda, zinakutana na oili iliyo ukutani, na mchanganyiko huo unafanya kazi ya msasa. Kila pistoni inapopanda na kushuka, msasa huo unasugua ringi na slivu.

Ringi zikishalika, mgandamizo unapungua na injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Oili inapanda na kuungua, ndipo unapoona moshi wa buluu. Moshi nao unashuka kwenye sampu na kutokea kwenye kifuniko cha kujazia oili. Vumbi lililobaki linachanganyika na oili na kwenda kusugua beringi za krenki. Fundi akifika hapo, dawa ni moja tu: kuifungua injini yote, kuchonga au kubadili slivu, kuweka pistoni na ringi mpya.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauna kelele. Gari linaendelea kubeba mzigo kama kawaida, na siku dalili zinapoonekana hasara imeshaingia.

Asilimia zisikudanganye

Filta zote hupimwa kwa asilimia ya vumbi zinalolizuia. Kipo kiwango cha kimataifa cha upimaji huo, kiitwacho ISO 5011, ambapo filta hupuliziwa vumbi maalumu la majaribio na kinachopita hupimwa kwenye mizani. Filta nzuri za karatasi huzuia zaidi ya asilimia 99. Koni za pamba au wavu zenye matundu makubwa, zilizotengenezwa ili zipitishe hewa nyingi, nyingi huwa chini kidogo ya hapo.

Muuzaji atakwambia: "Asilimia 97 na asilimia 99.5 kuna tofauti gani?" Kwa mfanyabiashara aliyezoea kuhesabu faida, tofauti hiyo inaonekana ndogo. Lakini hapa usihesabu kilichozuiwa. Hesabu kilichopita.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika njia ya vumbi kila mita ya ujazo ya hewa ina sehemu moja ya tano ya gramu ya vumbi. Injini yetu inayovuta mita za ujazo 180 kwa saa itakutana na gramu 36 za vumbi. Filta ya asilimia 99.5 itapitisha gramu 0.18. Ile ya asilimia 97 itapitisha gramu 1.08. Hiyo ni mara sita.

Ukifanya kazi saa 200 katika msimu mmoja kwa hali hiyo, filta ya kwanza itakuwa imepitisha gramu 36 na ya pili gramu 216, kiasi kinachokaribia robo kilo. Ebu fikiria unamimina robo kilo ya mchanga kwenye injini yako kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna mwenye gari anayeweza kukubali, lakini wengi tunalipia jambo hilo bila kujua.

Je, nguvu inaongezeka kweli?

Katika injini ya dizeli isiyo na turbo, kama 2L, 3L na 5L za Toyota, TD27 ya Nissan au 1HZ ya Land Cruiser, nguvu inaamuliwa na kiasi cha dizeli ambacho pampu inakipeleka kwenye nozeli. Iwapo filta yako ya asili ni safi na boksi halijaziba, injini inapata hewa ya kutosha kuunguza dizeli hiyo. Kuongeza mlango wa hewa bila kubadili kingine chochote hakuongezi mzigo unaoweza kupanda nao mlima. Kinachoongezeka ni mlio, kwa sababu lile boksi la asili lilikuwa pia linazuia kelele.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Koni ya wazi hukaa chini ya boneti, jirani na injini na rejeta, hivyo inavuta hewa ya moto. Hewa yenye nyuzi joto 60 ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 9 ukilinganisha na hewa ya nyuzi 30 kwa ujazo uleule. Boksi la asili lina mdomo unaotoa hewa nje ya chumba cha injini. Kwa maana hiyo, mwenye koni ya wazi anaweza kuwa amelipa fedha ili apate hewa kidogo zaidi.

Anayesema gari lake lilipata nguvu baada ya kufunga koni huenda hasemi uongo. Mara nyingi filta yake ya zamani ilikuwa imeziba kwa uchafu. Angeweka ya karatasi iliyo mpya, angepata nguvu hiyohiyo kwa gharama ndogo.

Vilivyopo sokoni, na kipi kinafaa

Mtu anayekwenda Korogwe, Tanga au Kariakoo kutafuta kifaa cha njia ya hewa atakutana na makundi matano.

La kwanza ni filta ya karatasi inayoingia kwenye boksi la asili. Haina mbwembwe, lakini kwa vumbi letu ndiyo inayoongoza. Ina sifa moja ya ajabu: kadiri inavyoshika vumbi kidogo kidogo ndivyo inavyochuja vizuri zaidi, kwa sababu vumbi lililonasa nalo linakuwa chujio. Udhaifu wake ni kwamba haipendi maji, na ikijaa lazima ibadilishwe.

La pili ni koni ya wazi ya pamba iliyopakwa mafuta. Inaoshwa na kutumika tena, na ndiyo hoja yake kubwa. Lakini inahitaji mafuta yake maalumu, kwa kipimo. Mafuta yakiwa machache vumbi linapita. Yakizidi, kwenye pikapu za kisasa za D-4D yanaweza kuchafua kihisi kinachopima hewa, na gari likapoteza nguvu. Katika magari hayo yenye turbo, vumbi linalopita hugonga kwanza mapanga ya turbo, na bei ya turbo kila mmoja anaijua.

La tatu ni filta ya sponji yenye mafuta. Ikipakwa vizuri na kufuatiliwa inaweza kuvumilia vumbi jingi, ndiyo maana pikipiki za mashindano ya porini huitumia. Tatizo lake ni nidhamu. Sponji iliyokauka mafuta ni mlango wazi, na kwa dereva anayelipwa kwa safari sidhani kama ataikumbuka kila wiki.

La nne ni snokeli, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Wengi hudhani ni la kuvukia mito tu. Kweli linasaidia masika, kwani maji yakiingia kwenye silinda hayabaniki na yanaweza kupinda konrodi mara moja. Lakini faida yake ya kila siku ni vumbi: hewa ya juu ya paa huwa na vumbi pungufu kuliko ile iliyo usawa wa tairi la gari lililotangulia. Zingatia kwamba snokeli yenyewe haichuji chochote. Filta yako ya karatasi inabaki palepale kwenye boksi lake. Zingatia pia kwamba snokeli iliyofungwa bila kuziba maungio ni pambo.

La tano ni kichujio cha awali, kile kinachofanana na uyoga au bakuli kinachowekwa juu ya mdomo wa hewa. Ndani yake hewa huzungushwa kama kimbunga, chembe nzito zinarushwa pembeni na kudondoka au kutupwa nje kabla hazijafika kwenye filta. Wenye matrekta wanakifahamu, kwani trekta nyingi za zamani zina bakuli hilo juu ya boneti, zikiwa na filta ya oili chini yake. Historia ya vifaa hivi ni ya shambani hasa. Kampuni ya Donaldson ya Marekani, ambayo leo inajulikana kwa filta duniani kote, ilianza mwaka 1915 baada ya Frank Donaldson, aliyekuwa muuzaji wa matrekta, kuona injini ya mkulima inaharibiwa na vumbi na kuamua kutengeneza chujio.

Kwa pikapu inayofanya kazi kati ya Misima, Sindeni na mashamba yanayozunguka, ushauri wangu ni huu. Baki na boksi la asili na filta ya karatasi iliyo bora. Ukiwa na fedha ya ziada na unataka kubadili kitu, badili mahali hewa inapoingilia: funga snokeli, na juu yake kichujio cha awali. Koni ya wazi waachie wanaoshindana kwenye lami.

Hesabu ya shilingi

Kwa kuwa mimi ni mchumi, siwezi kumaliza bila kuweka fedha mezani. Namba zifuatazo ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme kutengeneza injini upya kunagharimu shilingi milioni 3. Injini iliyolindwa ikienda kilomita 300,000 kabla ya kufunguliwa, gharama hiyo ni shilingi 10 kwa kila kilomita. Ikifunguliwa baada ya kilomita 100,000 inakuwa shilingi 30. Kwa pikapu inayotembea kilomita 25,000 kwa mwaka, tofauti ya shilingi 20 kwa kilomita ni shilingi 500,000 kila mwaka.

Sasa tuangalie upande wa pili. Tuseme filta bora ni shilingi 40,000 na ile ya mashaka ni shilingi 15,000, na unabadili mara nne kwa mwaka. Kwa kununua ya bei rahisi umeokoa shilingi 100,000. Umetupa laki tano ili uokoe laki moja.

Na hapo hatujahesabu siku ambazo gari limelala gereji. Injini iliyochoka haichagui siku ya kufa, lakini mara nyingi hufa inapobebeshwa kazi nyingi, yaani wakati wa mavuno. Mjomba alikaa wiki tatu bila gari. Magunia aliyokuwa ameahidi kuyasomba yalibebwa na mwingine, na baadhi ya wateja hao hawajarudi hadi leo. Hasara hiyo haipo kwenye risiti ya fundi.

Unaponunua

Nenda dukani na filta yako ya zamani. Linganisha kimo, upana na idadi ya mikunjo ya karatasi, kwani filta yenye mikunjo michache huziba mapema. Bonyeza mpira wa pembeni: uwe laini, usiwe na nyufa wala mapengo kwenye gundi. Mpira usiokaa sawasawa unaruhusu hewa kupita pembeni bila kuchujwa, na hapo hata karatasi bora haina maana.

Omba tochi, iweke ndani ya filta na utazame kwa nje. Mwanga ukipenya kama ncha ya sindano mahali popote, irudishe. Dai risiti ya EFD, maana bila hiyo huna pa kuanzia ukigundua umeuziwa bandia. Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, nayo inahitaji ushahidi.

Na unapofunga

Makosa mengi hayatokei dukani. Kagua mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini. Ukipasuka, usiufunge kwa kipande cha tyubu, nunua mwingine. Kaza klipu zote. Ili kujua kama kuna mahali panavuja, pakaza grisi nyembamba ndani ya bomba upande wa baada ya filta, tembea siku mbili kwenye vumbi, kisha fungua na upitishe kidole. Grisi ikiwa na mchanga, tafuta tundu kabla ya kutembea kilomita nyingine.

Filta ya karatasi usiipige kwenye tairi, usiioshe kwa maji wala petroli. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo usiozidi psi 30, na mdomo wa bomba ukae mbali na karatasi. Usiifungue kila siku pia, kwani kila unapofungua boksi kuna vumbi linalodondokea upande safi. Na barabarani, ongeza umbali kati yako na gari lililo mbele. Kusubiri wingu litulie hakugharimu kitu.

Mjomba alishaifunga upya injini yake, kwa mkopo wa kikundi ambao anaendelea kuulipa. Boksi la asili alilitafuta kwenye spea zilizotumika, akalipata, na koni ile ya kung'aa imebaki inaning'inia kwenye ukuta wa stoo yake ya mahindi. Nilimwuliza kwa nini haiuzi.

"Nimwuzie nani, mpwa wangu?" alinijibu. "Atakayeinunua na yeye anategemea gari lake."

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.